"Fedha zimepigwa": je, maneno haya yanafaa kuandikwa katika muhtasari wa kikao?

KatibuNyandaZaJuu

Ndugu wanajamvi, ninawasalimu wote.

Mimi ni katibu wa chama kidogo cha ushirika cha wakulima wa mahindi huku Nyanda za Juu Kusini, na kazi yangu kubwa, ukiacha kutunza daftari la wanachama, ni kuandika muhtasari wa kila kikao cha bodi na cha mkutano mkuu. Katika kikao kilichopita, tulipofika kwenye ajenda ya mbolea, mjumbe mmoja alisimama akasema, "Ndugu mwenyekiti, tusizungushane, fedha za mbolea zimepigwa." Ukumbi mzima ulimwelewa. Watu waliguna, mweka hazina akainamia makaratasi yake, na mjadala ukaendelea kwa neno hilohilo: nani amepiga, zimepigwa lini, upigaji huu ulianza chini ya uongozi upi. Nami niliandika kama nilivyosikia. Rasimu ilipomfikia mwenyekiti, kila mahali penye "zimepigwa" na "upigaji" alipazungushia duara kwa kalamu nyekundu, kisha akaandika pembeni: "Lugha ya vijiweni. Tumia Kiswahili sanifu."

Sikatai agizo la mwenyekiti. Linalonisumbua ni kwamba katika muhtasari huohuo nimeandika kuwa wajumbe walipiga kura, kuwa mwenyekiti alipiga marufuku matumizi ya simu ukumbini, kuwa mjumbe mmoja alionywa kwa kumpigia debe ndugu yake anayegombea ujumbe wa bodi, na kuwa afisa ushirika atakuja kuwapiga msasa viongozi wapya. Hakuna hata moja kati ya hayo lililozungushiwa duara. Yote ni kupiga, na katika yote hakuna aliyeguswa hata kwa ukucha. Sasa mpaka uko wapi? Ni nani aliyeamua kwamba kupigia debe kuna adabu na kupiga fedha hakuna?

La pili ni la kazi zaidi. Nikiondoa "zimepigwa," niweke nini? Nikiandika "zimeibwa," nitakuwa nimemwekea mjumbe neno kinywani, kwa sababu hakusema hivyo. Nikiandika "zimefujwa," naona kama nimelipoza shtaka. Naomba msaada wa wenye uzoefu, na naomba tusiligeuze kuwa suala la siasa.

---

MwalimuMstaafu

Ndugu katibu, mwenyekiti wako ana haki ya kukurudishia rasimu, lakini sababu aliyoiandika pembeni haitoshi, maana lugha ya vijiweni haiko pale anapoitafuta. Kitenzi cha kupiga chenyewe si cha vijiweni hata kidogo. Ni kitenzi kilichokubali kubebeshwa chochote: chenyewe kinatoa mwendo tu, na jina linalokifuata ndilo linaloleta maana. Ukisema mtu amepiga, msikilizaji husubiri umalizie. Ukiongeza kofi, teke au ngumi, kipigo ni cha kweli. Ukiongeza pasi, deki, randa, lipu au rangi, mkono unapita juu ya kitu na hakuna kinachoumia. Ukiongeza yowe, mbinja, vigelegele au miayo, kinachotoka ni sauti au pumzi. Na ukiongeza kura, mnada, marufuku au vita, hata mkono hauhitajiki, kwa sababu vita dhidi ya ujinga tulivipiga kwa chaki na ubao.

Mfano ninaoupenda ni kupiga simu. Wengi hudhani msemo huu umezaliwa na simu ya mezani. Neno simu limetoka katika Kiajemi likiwa na maana ya waya, na huku kwetu lilitumika kwa telegrafu kabla ya kuhamia kwenye chombo cha kuzungumzia, wakati ambapo karani wa posta alikuwa kweli akigongagonga kitufe kwa kidole ili ujumbe uende. Kitufe kile kimekwisha, waya wenyewe umekwisha, siku hizi ni kioo kinachopapaswa tu, na bado tunapiga. Hakuna mwenyekiti atakayelizungushia duara.

Kwa hiyo vijana wanapounda semi zao hawabuni sarufi mpya. Wanatumia mlango uleule waliopitia babu zao, isipokuwa wanaingia na jina jipya. Kupiga kamba ni kusema uongo, kupiga chabo ni kuchungulia kwa siri, kumpiga mtu kibuti ni kumwacha mpenzi bila maelezo, kumpiga tafu ni kumsaidia, na kumpiga mzinga ni kumwomba fedha kwa kumshtukiza kiasi kwamba hapati nafasi ya kutunga udhuru. Kinachoitwa cha mtaani hapo ni kamba, chabo na mzinga, kwa maana walizopewa. Na majina haya hayakai mahali pamoja. Debe lilikuwa debe kweli, lile bati la mafuta ya taa, na kulipiga kulikuwa njia ya kukusanya watu, likawa kelele za vijana wa stendi wanaowaita abiria, likawa kampeni, leo msomaji wa taarifa ya habari anatamka kwamba fulani amempigia debe mgombea, na hakuna anayeshtuka. Jeki nayo ilitoka chini ya lori, ikaingia magazetini kwa maana ya kumwinua mtu au shughuli iliyokwama. Kwa maswali ya aina hii, jibu kuhusu usanifu linategemea umri wa jina na watu ambao limekwisha kukaa nao.

Lakini "fedha zimepigwa" ni jambo la aina nyingine, na hapa ndipo mwenyekiti wako, bila kujua, ameshika mahali pa kweli. Hapo jina limeondolewa kabisa. Zimepigwa nini? Si kofi, si mnada, si jeki. Kitenzi kimeachwa peke yake kibebe mzigo ambao siku zote hubebwa na jina, na kwa kuwa chenyewe hakina maana nzito, msikilizaji anaijaza kwa yale anayoyashuku. Angalia pia kwamba mtu naye hupigwa: "nimepigwa" husemwa na mnunuzi aliyeuziwa simu bandia au aliyelipa mara mbili ya bei. Fedha zikipigwa, zimechukuliwa. Mtu akipigwa, amelaghaiwa. Kitenzi kimoja, na kinachobadilika ni nani anakaa mbele yake.

Kuna hatari zaidi. Watu husema "amepiga fedha kwenye mbolea" wakimsifu mfanyabiashara aliyepata faida kubwa, na husema "amepiga fedha za mbolea" wakimtuhumu kiongozi. Tofauti ya sifa na tuhuma imekaa kwenye neno moja dogo, "kwenye" au "za," ambalo katibu anayeandika haraka anaweza kulikosea, na mtu akapandishwa kizimbani au akapewa pongezi asizostahili.

Ndiyo maana ningeliondoa, na sababu yangu si adabu. Sheria zetu hutofautisha wizi, ubadhirifu, matumizi mabaya ya madaraka na kusababisha hasara, na kila kimoja kina namna yake ya kuthibitishwa. Kupiga kunayafunika yote hayo kwa pamoja. Kijiweni ni faida, kwa sababu unaweza kumsema mkubwa bila kusema amefanya nini hasa. Katika muhtasari, neno lisilosema ni kosa gani halimsaidii mlalamikaji wala mtuhumiwa.

---

MkalimaniNairobi

Namuunga mkono Mwalimu, nami niongeze la upande wa pili wa mpaka, kwa kuwa kazi yangu ni kutafsiri nyaraka zinazosafiri kati ya Nairobi, Arusha na Dar es Salaam.

Muhtasari wako, ndugu katibu, ukifika mezani kwangu ukiwa na maneno "fedha zimepigwa," mimi nitaelewa kwa sababu nimezoea kusoma magazeti ya Tanzania, lakini Mkenya wa kawaida atasita. Kwetu fedha za umma huliwa. "Pesa zimeliwa" inaeleweka kote, kuanzia bungeni hadi kwenye matatu. Na mtu aliyelaghaiwa hapa hasemi amepigwa, bali husema "nimechezwa." Akisema amepigwa, tutamuuliza ni nani aliyempiga na kama amekwenda hospitali. Hivyo lugha ya mitaani ya pande hizi mbili imechukua vitenzi vitatu vya kila siku, kula, kucheza na kupiga, na kila upande umekabidhi kazi ya udanganyifu kwa kitenzi ulichokipenda.

Majina nayo yanatega. Hapa Nairobi vijana husema "amepiga luku" wakimaanisha amevaa akapendeza. Niliwahi kulisoma kwa sauti mbele ya wenzangu wa Dar es Salaam nao wakadhani tunazungumzia mtu aliyeharibu mita ya umeme, kwa sababu kwao LUKU ni ule mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia. Mzinga nao, ambao Mwalimu ameueleza kama ombi la fedha, hapa ni chupa kubwa ya pombe kali. Kupiga ngeta hakuchekeshi mtu: ni kumkaba mpita njia shingo kutoka nyuma ili kumwibia, na mahakama zetu husikia neno hilo kutoka kwa mashahidi mara nyingi kiasi kwamba mkalimani asiyelijua hafai kuingia chumbani humo.

Jambo ninaloliona la ajabu ni kwamba semi za zamani, za kupiga kura, kupiga hodi, kupiga magoti, kupiga marufuku, ni zilezile pande zote mbili bila tofauti ya herufi. Zinazotofautiana ni hizi changa. Kwa anayetafuta kipimo cha kujua usemi upi ni wa mtaani, nadhani hiki kinafaa: uvushe mpaka wa Namanga uone kama unafika ukiwa na maana uliyoondoka nayo.

---

MsuliWaUsiku

Shikamooni wazee wangu. Naomba nitofautiane nanyi kwa heshima.

Muhtasari ni kumbukumbu ya yaliyosemwa. Mjumbe alisema "zimepigwa," ukumbi ukaelewa "zimepigwa," na mjadala ukaendeshwa kwa "zimepigwa." Katibu akiandika "kulikuwa na matumizi yasiyozingatia taratibu," amekwisha kuufuta ukali wa mkulima na kuweka ulaini wa ofisini, na mkulima akisomewa kikao kijacho hatajitambua. Lugha hiyo laini nayo ni maficho. Mara ngapi tumesikia "changamoto za kiutendaji" zikitajwa mahali ambapo kila mmoja anajua fedha zimekwenda kwa nani?

Zaidi ya hayo, "upigaji" si neno la vijiweni tena. Kila ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapotoka, magazeti huandika upigaji kwenye kurasa za mbele, na wabunge hulitamka wakiwa wamesimama ndani ya ukumbi wa Bunge. Kama debe lilipewa muda likakubalika, kwa nini hili lifungiwe mlango?

Nasema haya nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye kwa siku hupiga msuli maktaba hadi usiku, na bumu (fedha zetu za kujikimu za mkopo wa wanafunzi) likichelewa hupiga pasi ndefu, yaani hunywa chai nzito asubuhi kisha huruka mchana na kutua kwenye chakula cha usiku, kama vile mpira unaovuka viungo wote wa katikati. Nionyesheni neno sanifu linaloeleza njaa hiyo kwa ufupi namna hiyo na bila kujihurumia, nami nitaacha kutumia letu.

---

MwalimuMstaafu

Marahaba, kijana wangu. Pasi ndefu siigusi. Ni usemi mzuri, na aliyeuunda alijua mpira na alijua njaa. Ila uone kwamba nao una jina lake. Umeiweka pasi, umeiwekea na urefu, na ndiyo maana hata mimi niliyesoma enzi za kula bwaloni nimeuelewa. Ungeandika kwamba bumu likichelewa "hupiga" na kunyamaza hapo, ningedhani umekuwa mwizi.

Kuhusu lugha laini ya ofisini nakubaliana nawe moja kwa moja. Dawa yake ni maneno mahususi zaidi, na "zimepigwa" si mahususi. "Malipo hayana stakabadhi" ni kali kuliko "zimepigwa," kwa sababu la kwanza linadai jibu na la pili linaweza kukanushwa kwa kicheko. Kuhusu magazeti, ni kweli kwamba upigaji unaelekea kukubalika, nami sitashangaa ukiingizwa rasmi kwenye kamusi. Lakini kukubalika hakutauondolea utata, kwa sababu upigaji picha, upigaji kura na upigaji chapa vimekuwako muda wote na vitaendelea kuwako. Mpigapicha wa harusi hajafurahi, nakuhakikishia, kuona ufupisho wa jina la kazi yake umegeuzwa tusi.

---

BintiMjiMkongwe

Assalaam alaykum. Nimefurahi kuona kupiga kunajadiliwa bila ya mtu kupigana.

Niongeze ya huku Unguja. Kuna semi ambazo mwili wa jina umeshakufa na roho yake bado inatembea. Kupiga chuku ni mfano. Kila mtu anajua kuwa ni kutia chumvi katika maneno, kulikuza jambo kuliko lilivyo, lakini ukiwauliza vijana chuku ni kitu gani, watakutazama. Chuku ni pembe ya kuumikia, ile ambayo mwumishi alikuwa akiiweka juu ya ngozi iliyochanjwa na kuivuta ili damu chafu ikusanyike na ngozi ifure. Ngozi iliyofura kwa chuku ni kubwa kuliko ilivyokuwa. Nadhani ndipo maneno yaliyofura yalipopata jina. Wazee wetu wa miaka ile, kama wangalikuwa na mwenyekiti mwenye kalamu nyekundu, labda naye angaliizungushia duara.

Jambo jengine ni kuwa tabia hii ya kupiga si yetu peke yetu. Kiarabu kina dharaba, kupiga, na Waarabu hulitumia kwa mfano na kwa ramli vilevile. Msomaji wa tafsiri za Kiswahili za Kurani amekutana mara nyingi na Mwenyezi Mungu kupiga mfano, na hapana anayefikiri kuwa mfano umepata jeraha. Ramli ni mchanga, na mpiga ramli alikuwa kweli akiugonga mchanga kwa vidole ili atie alama zake. Waajemi wamekwenda mbali zaidi: kitenzi chao cha zadan, chenye maana ya kupiga, wanakiambatisha na mesvak kwa kusafisha meno, kama sisi tunavyopiga mswaki, na kwa simu husema zang zadan, yaani kupiga kengele. Nilipoanza kujifunza Kiajemi, sehemu hiyo sikuhitaji kufundishwa. Sisemi tumeichukua kwao. Majina kama ramli, kura na mnada yametufikia kutoka Kiarabu, lakini mfinyanzi wa lugha anaweza kufinyanga chungu cha aina moja katika miji miwili bila ya kuonana.

Kwa hiyo mimi simlaumu mjumbe aliyesema fedha zimepigwa. Namlaumu kwa jambo dogo tu: hakumalizia. Sisi huku tungesema wanachama wamepigwa changa la macho. Mchanga ukiingia jichoni huoni mkono unachukua nini, na hilo ndilo lililotokea, kama limetokea.

---

SeremalaWaKeko

Naomba niingie kidogo, kwa sababu msasa umetajwa na mwenye msasa hajaulizwa.

Kupiga msasa ni hatua ya mwisho kabla ya vanishi. Ubao umekwisha kupigwa randa, umenyooka, lakini ukipitisha kiganja bado unaukuta una manyoya. Unachukua karatasi ya msasa, unaanza na yenye chembe kubwa na kumalizia na laini, na unafuata mkondo wa ubao, kwa sababu ukikata mkondo michirizi itaonekana baada ya vanishi na hapo huna la kufanya. Kabla ya karatasi za dukani, mafundi wa zamani walitumia majani makavu ya mmea unaoitwa msasa, yenye ukwaruzo kama ulimi wa paka, na jina limehama kutoka kwenye jani kwenda kwenye karatasi.

Kwa hiyo gazeti likiandika kwamba viongozi wamepigwa msasa, mimi huwa najiuliza kama randa ilipita kwanza. Msasa haunyooshi ubao uliopinda. Nadhani huko kwenye ushirika mnahitaji kuanza na randa.

---

KatibuNyandaZaJuu

Ndugu zangu, nimewasoma wote mara mbili, na maelezo ya kwamba jina limeondolewa yamenifungua, kwa kuwa nilipoyarudia madaftari yangu niliona kwamba maneno yote yaliyoachwa bila duara yalikuwa na jina nyuma ya kitenzi, na yote yaliyozungushiwa hayakuwa nalo. Mwenyekiti hakuwa na kanuni hiyo kichwani, nina hakika, lakini sikio lake liliisikia.

Nimejaribu kuandika upya hivi: "Mjumbe alieleza kuwa fedha za mbolea zimetumika kinyume cha utaratibu na kuwa kuna ubadhirifu uliofanywa na uongozi uliopita. Wajumbe walijadili kwa kina na kuazimia kuwa suala hilo lifuatiliwe." Naomba mniambie kama imetulia. Kijana wa msuli asikasirike, nimejitahidi kutoilainisha.

---

MkaguziWaVyama

Ndugu katibu, nimekagua hesabu za vyama vya ushirika kwa muda mrefu, na mihtasari ndiyo ninayoanza nayo kabla ya kufungua daftari la fedha. Niruhusu niiguse rasimu yako.

"Kinyume cha utaratibu" haikusaidii mpaka utaje utaratibu upi. Je, malipo yalifanyika bila idhini ya bodi? Bila saini ya pili kwenye hundi? Bila hati ya kupokea mifuko ghalani? Kila moja ya hizo inanipeleka kwenye faili tofauti. "Ubadhirifu" nalo ni jina la kosa, na katika maelezo yako mjumbe hakulitaja, umeliweka wewe. Hapo umefanya jambo lilelile uliloliogopa ulipokataa kuandika "zimeibwa." Nalo neno "uongozi uliopita" linawagusa watu wote waliokuwamo, hata yule aliyekuwa akipinga malipo hayo kila kikao.

Kwa hoja ya kijana kwamba sauti ya mkulima isifutwe, ana haki, na njia ipo. Maneno yenyewe ya mjumbe huandikwa mara moja tu, ndani ya alama za mtajo, yakiwa na jina lake na namba yake ya uanachama, ili yabaki kuwa yake na si ya chama. Baada ya hapo muhtasari unaendelea kwa lugha ya chama, na neno upigaji halirudiwi tena, kwa kuwa wajumbe wengine walilidaka tu kutoka kwake.

Ningeandika hivi, na nafasi zilizo wazi uzijaze kutoka kwenye daftari lako:

"Mjumbe (jina, namba) alisema: 'Fedha za mbolea zimepigwa.' Alipoombwa na mwenyekiti afafanue, alieleza kuwa wanachama wa kitongoji chake walikatwa fedha za mifuko ambayo hawakuipokea. Mweka hazina alieleza kuwa hati za kupokelea mifuko zipo ghalani lakini hakuja nazo kikaoni. Kikao kiliazimia kuwa mweka hazina awasilishe hati hizo pamoja na stakabadhi za malipo kwa kamati ya usimamizi kabla ya tarehe (itajwe), na kuwa kamati ilinganishe majina ya waliokatwa na majina ya waliopokea."

Kama mwenyekiti hakumwomba mjumbe afafanue, basi sentensi ya pili usiiandike, hata kama unajua angejibu nini. Badala yake, iingizwe katika ajenda ya yatokanayo kikao kijacho, mjumbe aulizwe mbele ya wote fedha zimepigwa kwa namna gani, na jibu lake liandikwe siku hiyo.

Hati za kupokelea mifuko ziombe mapema. Kwa uzoefu wangu, hizo ndizo huchelewa kupatikana kuliko karatasi nyingine zote.